Shelfu isiyo na milango, fundi wa Magomeni Mtwara: nimeitumia miezi 8 na kichwa changu chenye ADHD

Naanza na bei maana najua wengine mnashuka chini mnatafuta bei tu, hamna shida hata mi ndo nilivyo. Shelfu ya mbao za paini, futi 6 kwenda juu, futi 4 upana, ngazi 5, haina mlango haina droo haina kioo: 190,000. Guta la kuileta mpaka nyumbani Chuno 5,000. Kontena za plastiki zile zinazoonyesha ndani nilichukua 12, moja 4,500, duka la vyombo maeneo ya Soko Kuu. Ungo 4,000 kwa mama mmoja anayeuza nje ya hilo hilo duka. Jumla 253,000. Nyota: shelfu 4 kati ya 5, fundi 3, kontena 3, ungo naupa zote 5 na ingekuwepo ya sita ningeupa.

Sasa mtajiuliza huyu ana nini mpaka anaandika gazeti zima kuhusu shelfu. Mi nashona, nashonea nyumbani, nina watoto wawili, baba watoto yuko bandarini kwa shifti kwa hiyo nyumba muda mwingi naiendesha mwenyewe, na anayeiendesha ana ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya kutulia na kushika umakini kuwe kazi ngumu. Ndo shida yote hiyo.

Kabla ya hii shelfu nilikuwa na kabati. Kabati la maana, milango mitatu, kioo katikati, kitasa cha funguo, msimu wa korosho wa 2022 baba watoto alipata mgao wa mikorosho ya kwao Newala tukaenda tukalipa 480,000 taslimu. Kila aliyeingia alilisifia. Mwezi wa kwanza nilipanga vitu mle ndani nikakaa kitandani nikawa naliangalia tu kama mtu anayeangalia mtoto wake kalala. Mwezi wa pili nikawa nafungua mlango, natupia, nafunga fasta kabla havijanimwagikia. Mwezi wa tatu nikaacha hata kufungua, vitu vikahamia kwenye kiti. Mnakijua kile kiti. Kila nyumba inacho, cha zile nguo ambazo si chafu za kufua wala si safi za kukunja, ila changu kilikuwa na ukoo, kilizaa stuli, kikazaa meza ya kulia, kikazaa upande wa ukutani wa kitanda.

Kilichonimaliza ni kitambaa cha sare. Dada mmoja wa Vigaeni aliniletea kitambaa nishonee mashangazi zake 6, harusi Jumamosi, nikakiweka kwenye kabati ILI KISIPOTEE. Naandika kwa herufi kubwa mnielewe. Kesho yake kikawa hakipo duniani. Nilitafuta siku nne, nikawagombeza watoto, nikamuwazia vibaya jirani yangu ambaye hajawahi hata kuomba chumvi bila kurudisha, mwisho nikaenda kununua kingine kwa hela yangu, rangi ikakaribiana lakini haikuwa yenyewe, na kwa vile nilikuwa nimeshakata magauni mawili ya kwanza kabla kitambaa hakijapotea, mashangazi wakaenda harusini wawili wana zambarau yao na wanne wana zambarau yao. Wiki tatu baadae umeme umekata saa 3 usiku, luku imeisha sijanunua (na hiyo nayo ni ADHD hiyo hiyo, meseji ya kukumbushwa naiona, nasema nanunua sasa hivi, na sasa hivi haiji), nikafungua kabati kutafuta mshumaa, mfuko mweusi huo hapo, umekaa vilevile nilivyouweka, umeninyamazia tu.

Jamani nililia. Si kwa ajili ya hela.

Kuhusu ADHD kidogo halafu narudi kwenye mbao. Nilipimwa Muhimbili, nilikuwa nimeenda Dar kwa shughuli nyingine nikajikaza nikaenda kitengo cha magonjwa ya akili, na hilo neno "akili" najua linawatisha, mi mwenyewe nilikaa kwenye benchi nimejifunika mtandio kama namkwepa anayenidai. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa, ni maswali. Daktari aliniuliza karibu saa nzima, na swali alilolirudia ni kabla sijafikisha miaka 12 nilikuwaje, kwa sababu haihesabiki kuwa ni ADHD kama imeanza ukubwani, lazima dalili ziwe zilikuwepo utotoni hata kama hakuna aliyeziona. Na zilikuwepo. Mi ndo yule mtoto aliyetumwa mafuta ya taa akarudi na chumvi, na kopo kaliacha dukani. Akaniambia mtoto anahesabiwa kuanzia dalili 6, mtu mzima 5 zinatosha, na kupoteza vitu unavyovihitaji kwa kazi ni moja ya dalili zenyewe, imeandikwa, na kushindwa kupanga kazi na vitu nayo imeandikwa. Miaka 34 naitwa mzembe kumbe naitwa kwa jina la dalili. Halafu akaniambia wasichana wengi wanapita hivi hivi bila kugundulika kwa sababu hawapandi juu ya madawati kama wavulana, wao wanakaa kimya wanaangalia dirishani, na mwalimu anaandika tu kwenye ripoti "ana uwezo ila hajitumi". Na inarithiwa sana, ndo maana nilivyotoka pale nikampigia mama nikaanza kucheka, kwa sababu mama yangu ana makufuli 9 na hana funguo hata moja. Dawa sizungumzii hapa, hayo muongee na daktari wenu, msije mkaniuliza inbox.

Kwenye mambo ya nyumbani ni hivi. Ile kumbukumbu ya kazi, ile unayobebea namba ya simu kichwani kutoka hapa mpaka ukaiandike, kwetu ni ndogo, inavuja. Kitu nisichokiona ni kama sikununua. Ukinipa kabati zuri lenye milango umenipa kaburi zuri. Nilielewa hilo siku nilipogundua kwamba vitu pekee ambavyo sijawahi kupoteza ni sufuria zinazoning'inia jikoni na ufagio. Na vyote viwili vinaonekana, na vyote viwili unavirudisha kwa mkono mmoja.

Hapo ndo nikapata kipimo changu nikakiita kipimo cha mkono mmoja. Kitu chochote cha kupangia vitu, nikienda dukani najiuliza nikiwa nimeshika pasi mkono wa kulia naweza kurudisha mkasi mahali pake kwa mkono wa kushoto? Bila kufungua mlango, bila kubonyeza kifuniko, bila kuvuta droo inayokwama? Kama siwezi basi sitarudisha, naijua nafsi yangu, nitauweka "hapa kwanza". Nyumba yangu yote ilikuwa imejengwa kwa hapa kwanza.

Kwa hiyo nikaenda kwa fundi. Anakaa Magomeni, ana banda lake na vijana wawili, kazi yake ni vitanda na milango. Nikamwambia nataka shelfu ngazi tano, haina mlango. Akaniangalia.

"Dada, bila milango? Hiyo si ya dukani?"

"Ya nyumbani fundi."

"Watu watakuja kuulizia sukari kilo bei gani."

Tukacheka lakini nilishikilia hapo hapo. Kwenye kina ndo tulibishana kweli. Yeye alitaka inchi 18, eti ibebe mali nyingi, nikasema nataka upana wa ubao mmoja tu, inchi 10, basi. Akasema naharibu mbao. Mi najua kwa nini: shelfu yenye kina inaweka vitu safu mbili, na safu ya nyuma kwangu ni sawa na mfuko mweusi wa kitambaa cha sare. Inchi 10 inabeba safu moja peke yake, kila kitu kiko mstari wa mbele, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kama mtachukua kitu kimoja kwenye haya maandishi chukueni hicho, punguzeni kina, hata kama fundi ananuna.

Aliponipa bei nikalipa 120,000 ya kuanzia, na hapo nikafanya kosa ambalo mtu wa Mtwara hatakiwi kufanya: niliagiza Novemba. Novemba ni minada ya korosho, hela imeingia, kila mtu anaezeka, kila mtu anataka kitanda cha futi sita na milango ya mninga, na wewe na kishelfu chako cha paini unasogezwa nyuma kila wiki. Aliniahidi wiki mbili. Nikaja kuipata katikati ya Januari. Kila nikienda anasema mbao ziko njiani kutoka Njombe, na mbao zenyewe naziona hapo pembeni zina jina la mtu mwingine kwa maka peni. Kazi ni nzuri ndo maana nampa nyota 3 na si 2, lakini nasema ukweli, mkitaka fundi kusini nendeni mwezi wa nne au wa tano, mafundi wamekaa wanacheza bao, bei inashuka na anakupigia simu yeye. Kwa sisi wenye ADHD kusubiri wiki tisa ni hatari maana hamu inakuwa imeshaisha, mi nilipoambiwa njoo uchukue nilikuwa nimeshasahau nilitaka kuipanga vipi na nilikuwa kwenye homa nyingine ya kufuga kuku.

Kazi yenyewe: msasa umepigwa vizuri, vanishi mkono mmoja tu badala ya miwili tuliyokubaliana, ngazi zimekaa sawa nimeweka bilauri ya maji juu yake haijaegemea upande. Miguu ameipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa, na hapa kwetu usiruke hilo, mchwa wa Chuno hawana adabu. Oili ilinuka wiki mbili, sasa hivi hainuki. Juu ameikaza ukutani kwa misumari miwili ya zege, nilimlazimisha, kwa sababu mwanangu mdogo wa miaka 4 kila kitu chenye ngazi kwake ni mnazi. Kwa nini sikuchukua zile shelfu za chuma za dukani ambazo ni rahisi zaidi, nilishawahi kuwa na ya viatu, hewa yetu ya chumvi iliila mwaka mmoja tu, kutu ikahamia kwenye viatu vyeupe vya shule.

Nilivyoweka sikuiweka chumbani. Kila mtu alisema chumbani, baba watoto, jirani, fundi mwenyewe. Nimeiweka sebuleni pembeni ya cherehani, nikinyoosha mkono nimekaa nagusa ngazi tatu. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Russell Barkley, amefanya kazi ya ADHD miaka mingi sana, hoja yake ni kwamba shida yetu sio kutojua cha kufanya, ni kufanya kile tunachokijua, kwa hiyo msaada unatakiwa uwe pale pale kazi inapofanyika na sio mbali. Mi nilivyosikia hivyo nikakumbuka mkasi wangu wa kukatia. Najua kabisa mahali pake. Siku zote nilijua. Mahali pake palikuwa chumbani, na kati ya cherehani na chumbani kuna mtoto anataka uji, kuna simu inaita, kuna kuku wa jirani kaingia, mpaka nifike chumbani mkasi nimeuacha juu ya tangi la maji na nimeshika mwiko.

Siku ya kwanza kuipanga nilianza saa 8 mchana. Kichwa hiki kina upande wa pili, kikipenda kitu kinazama hakisikii adhana wala mtoto, nikapanga nyuzi kwa rangi kutoka nyeupe mpaka nyeusi, nikapanga zipu kwa urefu, vifungo kwa matundu, nikaja kushtuka saa 3 usiku wali umekuwa mkaa na watoto wamekula korosho. Ilikuwa nzuri kama picha ya kalenda. Zile rangi zilidumu siku 11. Sasa hivi nyuzi ziko kwenye kontena moja limeandikwa NYUZI, basi, zinakaa zinavyotaka zenyewe, na nazipata. Kupanga kwa makundi makubwa na ya kizembe kunadumu, kupanga kwa kujionyesha hakudumu, hilo nimelipia kwa sufuria.

Kontena sasa. Nimezipa 3 na nitaeleza. Uzuri wake ni huo kwamba unaona ndani, nikikaa kwenye cherehani naona gamu stei (ile ya kukazia kola) imebaki kidogo kabla haijaisha, kwangu hiyo ni miujiza maana zamani nilikuwa najua kitu kimeisha siku mteja kasimama mlangoni. Ubaya wake ni kifuniko. Vile vya kubana pande mbili, paah paah, vinahitaji mikono miwili na kidogo na goti. Kipimo cha mkono mmoja zimefeli. Wiki ya kwanza tu nilikuwa naweka vitu juu ya kifuniko badala ya ndani, yani kontena limekuwa meza. Nikavitoa vyote 12, watoto wanatelezea navyo kwenye kilima cha mchanga nje, sijawahi kuona kifuniko kikitumika vizuri hivyo. Kontena 4 nilirudishia vifuniko nikaweka vitenge vya wateja, nikijifanya mjanja wa kukwepa vumbi, zikaja mvua za Februari na Machi, mnajua joto letu la mvua lilivyo, nikaja kufungua kuna ukungu, madoa meusi kama pilipili manga kwenye kitenge cha mtu. Nilikifua kwa ndimu na jua siku mbili kikatoka, Mungu alinisitiri. Kwa hiyo plastiki iliyofungwa na hewa ya bahari haviendani, acheni wazi, au tumieni kapu la ukindu linalopumua, ila kapu halionyeshi ndani. Chagueni mbaya mnayemuweza. Duka lenyewe lina bei nzuri ukichukua nyingi, ila kagueni pembe, mbili kati ya 12 zilikuja na ufa na niliporudi nikaambiwa nimezipasua mimi.

Lebo nimeandika kwa maka peni juu ya selotepu ya karatasi, maneno makubwa. Na sikuandika majina ya heshima. Kuna kontena limeandikwa VITU VYA WATU, lingine VYA LEO, lingine SIJUI. Hilo la SIJUI ndo uti wa mgongo. Zamani nikiwa sijui kitu kiende wapi nilikuwa nasimama katikati ya sebule nimekishika, nachoka, nakiweka hapa kwanza. Sasa kinaenda SIJUI, na Jumapili namwaga SIJUI kwenye mkeka naangalia. Jumapili ikinipita inanipita, kontena likijaa lenyewe linanisema.

Karatasi muhimu, vyeti vya kuzaliwa, kadi za bima, makaratasi ya korosho ya baba watoto, yote nimeyabana kwa vibanio vya nguo kwenye kamba pembeni ya shelfu, yananing'inia kama samaki wanaokaushwa. Baba watoto ilimuuma. Alisema hati zetu zimeanikwa kama chupi. Nikamwambia niambie cheti cha mtoto kiko wapi, akanyoosha kidole bila kugeuka. Akanyamaza.

Sasa kuna mama mkwe, na hii sehemu ndo iliyonifanya niandike kabisa. Alikuja mwezi wa tano kutoka Newala na ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, gunia zima, mama mwenye upendo wake, akaikuta shelfu iko wazi sebuleni na nyuzi na zipu na kadi za kliniki zinaning'inia, hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili nimetoka sokoni nakuta kaifunika. Kachukua kanga zake mbili nzuri kabisa, kazibana juu kwa pini, pazia. Anatabasamu.

"Mwanangu, nimekustiri."

"Asante mama."

Ungesema nini? Nilisema asante mama na nilimaanisha. Na nikajisemea ngoja tuone, labda sasa nimeshazoea, labda nakumbuka kila kitu kilipo. Siku mbili wadau. Siku mbili tu na kanga juu yake nikapoteza futi ya kupimia, nikasahau gauni la mteja wa Ijumaa, na asubuhi ya siku ya tatu nilikuta kisu cha jikoni, bobini na kalamu viko kwenye kiti. Kiti kile kile. Kilikuwa kinanisubiri. Nilikaa na mama mkwe jioni tunamenya ming'oko nikamweleza, sikutumia neno ADHD kwanza, nilimwambia mama mi nikifunikiwa kitu nakuwa kipofu, sio kwamba sitaki. Akamenya kimya muda mrefu. Halafu akasema marehemu dada yake alikuwa hivyo hivyo, alikuwa anafunga jembe mlangoni kwa kamba ili akitoka ajikwae nalo akumbuke shamba, na watu walikuwa wanamcheka. Kesho yake zile kanga kazitoa mwenyewe. Tumekubaliana, wageni wakubwa wakija tunabana kanga, wakitoka tu naitoa kabla sijaosha vikombe.

Mabaya mengine. Vumbi, lipo, na kwa anayeshona vumbi la vitambaa linakaa juu ya kila kitu, nafuta kwa kitambaa kibichi kila nikikumbuka, ambayo ni mara chache. Panya: usiweke korosho kwenye shelfu ya wazi hata kwa usiku mmoja, niliweka mfuko wa kilo mbili ngazi ya chini asubuhi nikakuta maganda na kitambaa cha pamba kimetobolewa kwa hasira. Mende ndo wamepungua, nadhani wanapenda giza la kabati. Ngazi ya nne kutoka chini imeshindikana, sijui kwa nini, niliipa kazi ya nguo za kushonea viraka ikawa ya betri, ikawa ya dawa ya meno, sasa hivi ni ya aibu tu, nimeacha kupigana nayo. Nne kati ya tano zinafanya kazi mwezi wa nane, na mi hakuna mpango wowote wa nyumba niliowahi kuanza ukafika mwezi wa pili, kwa hiyo nne kati ya tano kwangu ni ubingwa.

Na haitanunua luku yenyewe. Haitapunguza madeni ya gauni. Kama shida yako ni kwamba vitu ni vingi kuliko nyumba, shelfu itakuwa onyesho la wingi tu, mi kabla ya kupanga nilitoa magunia mawili, vipande vya vitambaa ambavyo nilikuwa naviweka "vitafaa" tangu mtoto wa kwanza hajazaliwa, nikampa mama anayeshona mito Ufukoni. Kutoa kulinichukua mara tatu, kila mara dakika 25 na saa ya simu ikilia, jirani yangu kakaa mlangoni anachambua mchele wake hanisaidii chochote, yupo tu. Kuwepo kwake ndo msaada. Akiondoka tu naanza kujaribisha nguo za zamani.

Ungo sasa maana nimeuahidi nyota. Uko mlangoni juu ya stuli ndogo, ukiingia unatupia: funguo, simu, chenji, risiti, kitambulisho. Hautaki ustadi, hauna ndani wala nje, hauna kifuniko, unaonyesha kila kitu, kipimo cha mkono mmoja unafaulu hata ukirusha kutoka mbali. Kwa 4,000. Tangu Januari sijapoteza funguo hata mara moja, mara ya mwisho ilikuwa Desemba nikalala kwa jirani na watoto. Kuna siku nimeutumia kupepetea mchele nikatupa funguo kwa kuku, hiyo nalaumiwa mimi, nimeshanunua wa pili wa jikoni.

Kabati la 480,000 lipo bado, msiulize kama nauza. Fundi aliling'oa milango miwili, bawaba mbili kila mlango, dakika 10, kalipwa 10,000, wa kioo kauacha kwa sababu nilimkatalia, nyuma yake nimeweka vitu vya Idd ambavyo ni sawa visionekane mpaka Idd.

Nataka nyingine ya jikoni, futi 3 upana, inchi 8, ya vyombo na viungo. Bei tumeshakubaliana tangu mwezi wa tano, kasema mbao anazo. Sijaenda. Bado namdai ule mkono wa pili wa vanishi na yeye ananidai 15,000 ya mwisho ya shelfu ya kwanza, imebanwa kwenye kamba pembeni ya shelfu, noti zenyewe kabisa, kwenye kibanio kimeandikwa FUNDI, naiona kila siku nikishona.